Tantine Marcelline Anachagua Rivolva

Tantine Marcelline hakuwahi kununua kitu kwa haraka, hata kitunguu. Alikuwa anaviinua kimoja kimoja, anavinusa, anaviminya, anamuuliza muuzaji vimetoka shamba la nani, halafu anaenda zake, na muuzaji anabaki akimwita: "Maman, rudi! Maman, tutasikilizana!" Yeye harudi mpaka amezunguka soko lote la Kadutu. Mimi niliyebeba kikapu nyuma yake nilikuwa nakufa kwa aibu. Sasa fikirieni mwanamke wa namna hiyo ameambiwa achague silaha.

Mimi ni Bintu. Tantine Marcelline alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na mama alipofariki ndiye aliyenichukua. Alikuwa mjane, hakubahatika kuzaa, na kazi yake ilikuwa kushona. Nyumba yake iko mtaa wa Muhumba, chumba cha mbele kilikuwa atelie yake ya kushonea, na sijui kama kuna bibi arusi wa Ibanda wa miaka ile ambaye hakusimama pale juu ya kiti akichomwa na pini zake. Alikuwa mnene, mcheshi, mbishi. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa huku akitukana uzi uliokatika. Watu walimpenda, lakini hakuna aliyependa kubishana naye, maana alikuwa hachoki.

Nyumba yake ilikuwa na sheria moja kubwa: kitu kipya hakivuki kizingiti bila maji ya baraka. Cherehani ilipita kanisani kwanza. Radio pia. Godoro langu lilibebwa hadi parokiani juu ya kichwa cha mtu, likanyunyiziwa, likarudi. Jirani wakicheka, anawajibu, "Chekeni tu. Kwangu shetani hana hata mahali pa kukaa."

Halafu vita ikarudi, ile ya pili. Mji ulikuwa na wakubwa wapya, na watu wa uniformu walikuwa wanapita barabarani kwetu kama wenye nyumba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasomea udaktari, mwaka wa tatu. Maisha yaliendelea. Tulisoma, tulifunga ndoa, tulinunua sambaza, vile visamaki vidogo, kwa wamama wa ziwani, tukizoea mambo ambayo mtu hapaswi kuyazoea. Siku moja wakavamia nyumba iliyotazamana na yetu. Hawakuua mtu, lakini walibeba magodoro na televisheni, na mzee wa nyumba alipigwa makofi mbele ya watoto wake.

Habari ilifika Kamanyola, kwa baba yangu, Papa Cyprien, aliyekuwa anasimamia depo, ghala la mchele, kule bondeni. Kesho yake alikuwa kwetu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Bintu, funga mizigo. Unaenda Bujumbura kwa dada yangu."

"Na masomo?"

"Masomo itangoja."

"Papa, niko mwaka wa tatu!"

"Maiti haina mwaka wa tatu," akasema, na hakukaa hata kunywa maji.

Nililia kwa hasira. Nilijua masomo yakikatwa vitani hayarudi. Nilikuwa nimewaona wenzangu wawili wakiondoka "kwa miezi michache tu", mmoja sasa anauza vitenge, mwingine ana mtoto wa pili. Mimi nilitaka koti langu jeupe. Nililitaka kiasi kwamba Tantine alikuwa ameshalikata na kulishona, limetundikwa chumbani linaningoja.

Tantine alimzibia Papa mlango kwa mwili wake. "Shemeji, sema wazi. Unataka nini juu ya huyu mutoto abaki?"

Papa alitazama huku na huku, akasema neno la kwanza lililomjia. "Hii nyumba iko na nini? Wanawake wawili na cherehani! Kukiwa silaha ndani, na Bintu anajua kuishika, atabaki. Bila hiyo, Jumapili nakuja na camion ya muchele, naenda naye."

Nadhani alitaka tu kumnyamazisha. Mwanamke wa kwaya, mshonaji wa mavazi ya komunyo, atatoa silaha wapi? Maskini Papa, alikuwa hajawahi kwenda naye sokoni.

"Vizuri," akasema Tantine. "Tutachagua."

Silaha wakati ule hazikuwa adimu. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kuaminika anayezijua, na sisi tulikuwa naye. Tonton Hugues, binamu yake Tantine, alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la zamani, kabla hajaanza kutengeneza radio za watu. Alikuja mchana kweupe na mfuko wa unga wa muhogo begani, akasalimia barabara nzima, akaingia. Tantine akafunga mapazia, akatandika kitambaa cheupe kwenye meza ya kukatia nguo. Tonton akazamisha mkono ndani ya unga na kuanza kutoa vitu.

"Ngoja!" Tantine akamshika mkono. "Hivi havijabarikiwa."

"Marcelline, hivi ni vya kuonyesha tu. Havilali hapa."

Alifikiri, kisha akakubali kwamba mgeni wa mchana si mkaaji. Basi vikapangwa mezani, vyeupe kwa unga: bunduki moja ya kalashi iliyokunjwa kitako, bastola moja nyeusi ya magazini, na rivolva mbili, moja ndogo yenye mpini mweupe na nyingine ya kadiri, mpini wa mbao.

Kalashi haikukaa hata dakika. Tantine aliipima kwa metre ya kushonea kutoka ncha hadi kitako, akanipima na mimi kutoka bega hadi kidole, akatikisa kichwa. "Hii inataka mwanaume mwenye wazimu. Toa." Tonton akairudisha kwenye unga bila kubisha. Alisema pia kwamba anayeonekana na kitu kama hicho ataitwa muasi na kila upande, na hapo alikuwa anasema kweli.

Mimi nilitaka ile bastola nyeusi. Ilikuwa nyembamba, nzuri, na niliwahi kuiona kwenye mkanda wa afisa mmoja aliyetembea kama mji mzima ni wake. Tonton akachomoa magazini, akaiweka pembeni, akanipa bastola.

"Bintu, weye ni daktari. Angalia. Iko na risasi ao haina?"

"Haina. Magazini si hiyo hapo?"

"Una hakika?"

"Tonton, miye si mutoto."

Akaichukua, akavuta juu yake kwa nguvu, risasi ikaruka na kuanguka mezani, ikabingirika hadi kwenye pini. Ilikuwa ya uongo, haina baruti, lakini Tantine alipiga kelele akamwita Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, na watakatifu wote wa kalenda. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Moja inabakia ndani," akasema Tonton kwa upole. "Kwa hii moja watu wanaua dada zao mezani. Si kitu kibaya hii bastola, hapana. Lakini iko na mambo mingi: kuna magazini, kuna kuvuta, kuna kifungo cha usalama. Mutu mwenye hofu anasahau hata jina ya baba yake. Ya kwanza isikuwe hii."

"Kama cherehani ya umeme," akasema Tantine. "Siku zote natumia ile ya kuzungusha na mukono. Ya umeme inakimbia, inasonga uzi, unabakia unaitazama tu."

Basi tukabaki na rivolva. Tonton alifungua ile ya mbao, silinda ikatoka kando, kile kigurudumu chenye matundu sita, akaiinua juu ili mwanga upite. Tuliona mapazia ya Tantine kupitia matundu yote sita. "Unaona? Iko wazi. Kama kuna risasi utaiona, kama haiko utaona dirisha. Na risasi moja ikikataa, haupigani nayo, unavuta tena na ingine inakuja. Halafu kifyatulio yake ni nguvu, haiwezi kulia kwa sababu umeigusa na usingizi. Mubaya wake: sita tu, na ni nzito."

Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe! Tantine alikuwa amependa ile ndogo. Ule mpini mweupe ulimkumbusha vifungo vya gauni fulani, na mwenyewe alisema bila haya kwamba itaenda na kila nguo. Aliigeuza, akaipima, akaiweka kwenye mfuko wa koti langu jeupe kuona kama inaonekana.

"Hii ndiyo yake. Ndogo kwa mukono mudogo."

"Hapana, Marcelline. Ndogo ndiyo inaruka mubaya. Haina uzito wa kujizuia. Itamutoka mukononi, itamugonga kwenye uso. Hii ya kati inatulia."

"Weye unajua mukono wa mutoto wangu kuliko miye?"

"Ninajua rivolva."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni Tantine alinishika kidole cha shahada, akakipima kutoka kiungo hadi ncha, kisha akapima kwenye ile ya mbao kutoka mgongo wa mpini hadi kifyatulio. Akapima mara ya pili, uso umekunjamana. Ikakaa sawasawa. Akaipima ile nyeupe, na kidole changu kilizidi, kingelazimika kujikunja. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Basi ya mbao. Lakini haina uzuri." Hiyo kwake ilikuwa kukubali kushindwa, na Tonton alikuwa na akili ya kutocheka.

Tonton hakuipa risasi. Alisema Papa akishakubali ndipo yeye atazileta, si kabla. Usiku huohuo akairudisha kwake kwa sababu ya ile sheria ya kizingiti, na kila alasiri aliileta tena tukafanya mazoezi uani, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Zoezi lilikuwa hili: Tantine anaweka kifungo cha shati juu ya mtutu, na mimi navuta kifyatulio polepole bila kifungo kuanguka. Mwanzo vilianguka vyote. Vifungo vilienea uani kote, kuku wakavidhania mahindi. "Taratibu! Unavuta kama unakamua ng'ombe!" alikuwa ananifokea, yeye ambaye alikuwa hajawahi kushika silaha wala ng'ombe. Siku ya Ijumaa kifungo kilikaa. Tantine aliruka, akanikumbatia, akakimbia kumwambia jirani kwamba Bintu amefaulu, halafu akakumbuka kwamba hawezi kusema amefaulu nini.

Jumapili ikafika. Kwa Tantine jambo lilikuwa rahisi: rivolva itabarikiwa baada ya misa, kisha itaingia nyumbani, Papa ataiona, na mimi nitabaki. Tukaipitia kwa Tonton, Tantine akaiweka ndani ya kikapu, chini ya kitambaa alichodarizi mwenyewe, tukaenda kanisani. Nilimwambia, "Tantine, hii si godoro." Akanijibu kwamba kama kuna kitu kinachohitaji baraka kuliko vyote duniani, ni hiki.

Parokiani kwetu, misa ikiisha watu wanapanga vitu vyao mbele ya altare, rozari, madumu ya maji, funguo za pikipiki, na padri anapita akinyunyiza. Zamani alikuwa anapita tu. Lakini mwaka ule mzee mmoja alikuwa amebarikisha chupa mbili za kanyanga, akauza pombe yake kuwa imebarikiwa, na tangu hapo Abbé Xavier, padri wetu, alikuwa anafunua kila kikapu kwa mkono wake. Tantine alilisahau hilo. Mimi nililikumbuka nikiwa nimeshapiga magoti, na Papa, aliyefika moja kwa moja kutoka njia ya Kamanyola, alikuwa benchi ya nyuma yetu.

Abbé akafunua. Akasimama.

"Maman Marcelline, hii ni nini?"

"Ni ya mutoto, Monsieur l'abbé. Haina risasi. Ni mupya."

"Mupya?"

"Mupya kwetu."

Kuna mtu alicheka huko nyuma akajifanya anakohoa. Abbé Xavier alikuwa kijana bado, na niliona mdomo wake ukitetemeka, akauuma. Kisha akawa mtu wa kazi yake. "Rozari nabariki. Maji nabariki. Funguo za pikipiki nabariki, hata kama munakimbiza sana. Hii, hapana, Maman. Mutoto ndiye nitabariki. Bintu, lete mikono."

Nikanyoosha mikono. Alininyunyizia mpaka mikono ya gauni ikalowa, halafu akafunika kikapu vizuri, akapita kwenye dumu lililofuata. Hakuna tone lililoingia kikapuni, Tantine alilitazama hilo kwa macho yake mawili.

Tulirudi nyumbani, Papa mbele, sisi nyuma. Papa akapita getini. Mimi nikapita. Tantine akasimama.

"Haijabarikiwa," akasema. "Leo inakuja kukaa. Haiwezi kuingia."

"Isipoingia, Bintu anatoka," akasema Papa. "Camion inaningoja."

"Sheria ya nyumba yangu haivunjwi."

"Na neno yangu haivunjwi."

Tantine akakaa juu ya jiwe lililo nje ya geti, kikapu mapajani, na ufunguo wa jikoni umefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Wali ulikuwa ndani, sambaza zilikuwa ndani, hakuna wa kula. Waumini waliokuwa wanarudi nyumbani walipita mmoja mmoja, wanamsalimia, wanakiangalia kikapu, wanauliza habari za nyumbani. "Nzuri," anajibu. "Tunapumzika." Papa akiwa upande huu wa geti, yeye upande ule, wanarushiana maneno juu ya kichwa changu: mchana salama, usiku si salama, Bujumbura kuna nini, hapa kuna nini, rivolva ni nzuri, Hugues ni mjinga, Abbé ni mdogo mno. Wiki nzima watu wangu wote walikuwa wananizungumzia hivyo. Wamenipima bega, wamenipima kidole.

Nikachoka. "Hakuna hata mumoja aliniuliza!" nikapiga kelele, na wapita njia wakasimama.

"Kukuuliza nini?" akasema Papa.

"Kama nitapiga!"

Papa akanigeukia polepole, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama mimi tangu aje. "Sawa. Nakuuliza. Mutu akivunja huu mulango na kuingia, utapiga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno moja tu, na masomo yangu yamepona. Kidole changu kilikuwa kinajua kazi, kifungo kilikuwa hakianguki tena. Lakini mikono ya gauni ilikuwa bado imelowa, na Papa alikuwa baba yangu.

"Hapana, Papa. Nitaona uso wake, nitaanza kujiuliza huyu ni mutoto wa nani. Sitaweza. Nasomea kushona watu, siyo kuwatoboa."

Nilipomaliza nikajua nimejipakia mwenyewe kwenye camion. Nikaanza kulia, si kidogo.

Papa alitoka getini, akakaa kwenye jiwe, kando ya Tantine, ambaye alisogea kumpa nafasi bila kutaka. Alivua kofia. "Miye pia," akasema.

"Weye pia nini?" akauliza Tantine.

"Vita ya kwanza, pale depo. Nilikuwa na bastola ndani ya meza. Walipoingia nilifungua droo, mukono ukafika juu yake, na ukabakia pale. Mumoja alikuwa kijana tu, alikuwa anakohoa. Nikafunga droo. Wakabeba muchele, wakaenda." Alifuta uso kwa kofia. "Tangu ile siku najiita mwoga. Nikasema, mutoto wangu asikuwe kama miye."

Tantine alimkazia macho, akakishusha kikapu kutoka mapajani, akakiweka chini.

"Papa," nikasema, "na kama ungepiga?"

"Ningepiga, wangenimaliza. Ungebakia yatima pande zote mbili." Alilisema, halafu akashtuka, kama mtu aliyesikia neno likitoka kwa mwingine. Akaangalia kikapu, akaniangalia. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

"Cyprien!" Tantine akafoka. "Na miye wiki nzima napima vidole!"

Hapo tukacheka wote watatu, na jirani waliosimama wakacheka bila kujua kwa nini. Tantine akafungua ufunguo kutoka kwenye kitenge, na kikapu kikapelekwa kwa Tonton Hugues, ambaye aliambiwa tu kwamba rivolva haikukaa vizuri mwilini. Tukala sambaza zote. Papa aliomba wali tena mara mbili.

Tulimsindikiza hadi kwenye camion. Dereva alikuwa ameacha nafasi mbili mbele, akauliza binti yuko wapi. "Anabakia. Iko na masomo," akasema Papa, na alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akapanda, akateremsha kioo, akanivuta kichwa hadi karibu na mdomo wake.

"Bintu, sikiliza. Wakikuja, fungua mulango. Wape radio. Wape magodoro. Wape hata cherehani ya shemeji."

"Cherehani hapana!" Tantine akafoka nyuma yangu.

"Wape yote," akasema Papa, na hakuwa anacheka tena. "Koti itashonwa ingine. Weye nakutaka muzima."